Mita Mia Tisa Kutoka Nyumbani

Kioo cha pikipiki kiliwaka jua la utosi, na betri yake ilikuwa uvunguni mwa kitanda.

Laila alikuwa akichambua mchele ukumbini. Tangu mumewe, Haitham, azikwe, pikipiki ilisimama pale pembeni, imefunikwa shuka. Shemeji yake Abdulnasir ndiye aliyeing'oa betri. Akaisukuma uvunguni, akampa mtoto pipi, akatoka mbio ili asije akalia mbele ya wanawake. Sasa chini ya shuka mlikuwa na mwanga wa buluu, na sauti.

"Laila. Mita mia tisa."

Sauti ya Haitham.

"Labeka," akaitika Laila. Lilimtoka kabla hajafikiri.

Kioo kile kilikuwa kero tangu siku ya kwanza. Pikipiki ilitoka Dubai ikiwa imekwishatumika, na katikati ya usukani ilikuwa na kioo kipana chenye ramani, redio na simu, vyote pamoja. Haitham alipakia abiria baina ya Wete na Gando, akadhani kitamfaa. Wapi! Akitaja Gando, kinasema hakuna mahali hapo. Akiwa barabarani, kinamwonesha yuko baharini. Akiweka Kurani, ramani inazima. Simu ikiita, redio inapiga makelele. Akikigusa kwa kidole chenye jasho, kinaganda.

"Kina kiburi hiki," Haitham alikuwa akisema. "Mgeni hata hodi hapigi, ananifundisha miye njia za kwetu!"

Mwisho akaingiza humo sauti yake mwenyewe, wamekaa barazani, Laila akicheka mpaka machozi. Kushoto. Kulia. Mita ngapi. Na mahali pa "nyumbani" akatia jina la mkewe, basi kila akirudi kioo kilimwambia amebakiza kiasi gani kumfikia Laila. Haukwisha mwezi. Kwenye kona ya mikoko, mita mia tisa kutoka nyumbani, kiliganda tena. Haitham akainamisha kichwa akibonyeze, na lori lililokuwa likija halikuwa na pa kumkwepa.

Bi Mwatima, mama yake Haitham, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umeitika?"

"Nimeitika, mama."

"Jua la utosi? Na uso huuoni?" Akauweka mwiko chini, akaketi. "Pale konani pana wenyewe, wale wasioonekana, mwanangu. Sisi tangu wadogo tukipita pale hatuitani majina. Na kidude hiki kilikuwa kikilitangaza jina lako pale kila siku ya Mungu."

Siku ya pili, saa ile ile, kioo kikasema mita mia sita. Ya tatu, mia tatu. Ukumbi ukaanza kunuka tope la mikoko na petroli. Laila angekimbilia kwao Msuka, lakini alikuwa edani, na mwenye eda haihami nyumba ya mumewe. Tena, kusema kweli, alikuwa akiingoja adhuhuri. Alinawa uso, akakaa karibu na shuka, akaogopa, na akangoja.

Bi Duni, anayeagua watu pale kijijini, aliletwa jioni ile. Alikuja na ubani na kombe la maji ya aya, lakini kwanza aliuchukua ungo akaumalizia mchele, ambao Laila aliuacha nusu.

"Kukitupa hakufai, kimekwishaitikiwa," alinong'ona. "Kesho kitafika mlangoni. Kitaita mara tatu. Kisipojibiwa kitarudi kwao. Mlaze mtoto mapema. Nawe usiitike, hata kikikulilia."

"Na sauti yake?"

"Itakwenda nacho, mwanangu."

"Sina nyingine, Bi Duni. Simu yake ilisagika pale pale."

Bi Duni alimshika mkono, akakaa naye mpaka isha.

Kesho yake Ummi, binti yao wa miaka mitatu, alilazwa chumbani kabla ya adhuhuri. Mlango wa mbele ukafungwa kwa komeo. Laila akaketi baina ya wale wanawake wawili, ncha ya kanga mdomoni. Ubani ukafuka. Mara injini ikanguruma kwa mbali, na pikipiki iko pale pale mbele yao chini ya shuka, haitikisiki, ila ngurumo ilikuja kutoka konani, ikapita msikitini, ikapita kwenye mikarafuu, ikazidi na kuzidi mpaka vikombe vikagongana kabatini na harufu ya tope ikaufunika ubani, na ikasimama nje ya mlango ikiunguruma kama mnyama.

"Laila."

Aliing'ata kanga. Machozi yakamtiririka hadi shingoni.

"Laila. Hunijibu, mke wangu? Nimechoka miye."

Alifumbua mdomo. Bi Mwatima akamwahi kwa kiganja, naye mwenyewe analia, maana sauti ile ya nje ilikuwa ya mwanawe. Ndipo chumbani Ummi akashituka kwa kelele, akaanza kulialia, na Laila akatulia ghafla. Akakiondoa kile kiganja polepole.

"Si yeye," akanong'ona. "Siye, mama. Haitham akirudi mtoto kalala, huzima injini kule kwenye mikarafuu, akaisukuma kwa mikono, na uzito wake wote ule. Hajamwamsha Ummi hata siku moja."

Bi Duni alimtolea macho, akatia kidole mdomoni kumnyamazisha. Alikuwa amechelewa.

Nje, injini ilizimika.

Kimya. Kisha wakasikia matairi juu ya mchanga, polepole, polepole sana, kama yanayosukumwa na mtu mwenye huruma anayechelea kumwamsha mtoto, yakiuacha mlango wa mbele, yakizunguka nyumba, yakienda kusimama chini ya dirisha la chumbani.

Laila aliruka. Hatua sita tu hadi pale kitandani, na sauti ilimtangulia, laini, yenye mapenzi.

"Ummi."

"Labeka, baba," akaitika mtoto, kwa adabu, kama alivyofundishwa na mama yake.