Aliyeshuka na Baiskeli ya Médard

Walipokuwa wakipanda kilima cha pili, Orpha aligundua kwamba kaka yake hahemi.

Yeye mwenyewe alikuwa hoi, jasho linamwingia machoni, baiskeli anaisukuma kwa mikono miwili. Médard alikuwa mbele, bado amekaa kwenye tandiko, anakanyaga pedali kama yuko barabara ya tambarare. Shati lake lilikuwa kavu. Na asubuhi ileile, kwenye kilima cha kwanza, ni yeye aliyekuwa akiomba wapumzike kila kona.

Ilikuwa likizo kubwa. Médard alikuwa amefaulu mtihani wa kumaliza sekondari, na zawadi aliyoitaka ni hiyo tu: kutoka Kisangani, alikokulia bila kuona mlima, apande lori na dada yake pamoja na baiskeli zao hadi vilima vilivyo mbele ya Bafwasende. Juu ya kile cha kwanza, jua likiwa utosini, aliingia nyuma ya majabali kuchungulia pango. Orpha alimsikia akiitika, "Niko hapa," ingawa yeye hakuwa amemwita. Alipotoka alikuwa anatabasamu, na tangu hapo hakuzungumza mpaka wakafika nyumbani Mangobo, mtaa wao wa Kisangani.

Mama yao, Pélagie, mjane aliyekausha samaki kwa moshi na kuwauza sokoni, alimkumbatia mwanawe, kisha akamwachia polepole.

Siku zilizofuata, chumba cha Médard kilianza kunuka mawe mabichi na mavi ya popo. Orpha alifagia, akamwaga maji ya sabuni, harufu ikabaki. Nzi waliozoea kujaa kwenye samaki waliondoka wote kijana alipopita uani. Alikula pondu, mboga ya majani ya muhogo, na wali bila kutafuna, akimtazama mama yake usoni. Na kila adhuhuri, Orpha akiwa anaosha vyombo, akiwa anachana nywele, akiwa amejiziba masikio kwa viganja huku redio ya jirani inapiga muziki kwa sauti yote, alisikia mtu akimwita jina lake kutoka mbali sana, kama anayeita toka upande wa pili wa bonde, na sauti ilikuwa ya Médard, ilhali Médard alikuwa ameketi mbele yake amefunga mdomo.

Alimweleza mama yake. Mama alimwambia kijana amechoka na safari, jua lilimpiga. Basi Orpha akaenda mwenyewe kwa mwalimu Kasongo, mzee Mwislamu kutoka Maniema, ambaye hata Wakristo wa mtaa walimwita kimyakimya mambo yakiwazidi.

Kasongo alikuja mchana. Alichoma ubani, akasoma aya zake kwa sauti ya chini, na Médard akamsikiliza kwa adabu, mikono juu ya magoti. Mzee akamuuliza ni nani.

"Niliita," kikajibu kile kilichokaa kwenye kiti. "Akaitika."

Kasongo akafunga kitabu, akawatoa Orpha na mama yake hadi uani.

"Mama Pélagie, huyu aliyemuingia naweza kumutoa," alinong'ona. "Lakini mule ndani hakuna tena mutu. Akitoka, mutazika mwili."

"Na kaka yangu iko wapi?" Orpha aliuliza.

"Kule alipoitika."

Orpha akauliza kama wanaweza kurudi kumchukua. Mzee aliinamia chetezo alichotoka nacho, akaanza kuzima makaa kwa mchanga.

"Mama, amutoe," Orpha akasema. "Tumuzike. Haiko Médard."

"Niko najua." Mama hakuinua macho. "Nilijua siku ile nilimushika, moyo haikuwa inapiga. Nilizika papa yenu. Nilizika mudogo wenu René. Huyu naye nikimuita anakuya, nikimupa chakula anakula. Donc, basi, itatosha."

Akamshukuru mwalimu Kasongo, akampa samaki wawili waliofungwa kwenye jani, akamsindikiza hadi barabarani. Mzee aliondoka haraka kuliko alivyokuja.

Mama aliporudi akapakua chakula, sahani tatu, akaziweka mezani. Mlango wa chumba cha Médard ulikuwa wazi. Ndani, kile kitu hakikusogea. Kilikuwa kimesimama katikati ya sakafu, kimeelekeza uso kwao, kinangoja. Na toka mbali, mbali kabisa, ile sauti ikaanza tena kuita: Orpha, Orpha, kwa uchovu sasa, kama mtu aliyeanza kuelewa.

"Umuite wewe," mama akasema. "Umuite vile ulikuwa unamuita. Akizoea, nasi tutazoea."

Orpha alitazama mikono ya mama yake. Ilikuwa inasogeza sahani ya tatu mbele ya kiti cha Médard.

"Ya Médard," akasema, kama alivyozoea kumwita kaka yake mkubwa. "Kuya tukule."

Kikaja.