Draiva ya Mkono wa Kushoto

Mabasi matatu ya Iringa yalikuwa yamesimama stendi ya Mikumi, wachuuzi wa karanga wamejazana madirishani, lakini Deogratias aliona fimbo mbili tu za gofu zilizosimikwa kati ya suruali za mtumba.

"Dada, hizi unauza?"

"Hapana, nimezileta zipunge upepo," Siwema alijibu, kitenge cha njano kiunoni. "Chagua, kaka."

Alichagua fupi, ya kupigia mpira ukiwa majanini. Ile ndefu, draiva ya kuanzishia, aliirudisha kwa kuwa mpini wake ulikuwa mgumu mno. Akaacha namba ya simu, na mapenzi yakashika kasi.

Deo alikuwa mbeba fimbo kwenye kiwanja cha gofu cha shamba la mkonge, Kimamba. Mwaka wa pili akaitwa kwenye shindano Morogoro. Mshindi angeajiriwa ualimu wa gofu huko, naye aliapa kwamba akiajiriwa tu, washenga wataenda Zombo kwa kina Siwema.

"Mpenzi, nitafutie draiva kwenye marobota yako," alimwambia kwa simu.

"Ukishakuwa mwalimu wa mjini utanisahau."

"Nikusahau wewe? Labda nife."

Siwema alipekua wiki nzima. Mikono ya Deo aliijua: aliandika kwa kushoto, alipigilia misumari kwa kushoto. Akamchagulia draiva ya mashoto. Jumapili zote alikuwa stendini akiuza, hakuwahi kumwona akicheza. Hakujua kwamba Deo alijifunzia fimbo za kuazima za mabosi, zote za mkono wa kulia.

Deo aliipata siku moja kabla ya shindano. Akapiga simu.

"Umefanya makusudi. Ulitaka nishindwe nibaki huku."

"Deo, mimi?"

"Si ulisema nitakusahau?"

Akakata. Alishinda kwa ile fupi, akahamia Morogoro, akakaa miezi minne bila hata salamu. Ukaidi wa kijinga, nausema wazi. Siku alipoijaribu ile draiva kwa kushoto, mpira ulinyooka kuliko yote aliyowahi kupiga. Akampigia Siwema palepale.

"Mama, nisamehe. Ulinijua kuliko ninavyojijua."

"Fimbo nilikosea, sikujua," Siwema alisema taratibu. "Lakini wewe uliniona adui. Nimelia mpaka nimechoka. Ditram, mkulima wa Msowero, ameleta barua ya posa. Nyumbani wamepokea."

"Unampenda?"

"Nilikupenda wewe, Deo. Yeye ndiye atakayenioa Jumamosi."