Fumba Macho Nikupe Pipi

Ndugu zangu wa Mlola, nawaambia jambo hili, na atakayekasirika akasirike.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Scholastica alikuwa akichambua maharage barazani, na binti yake Beatha, mwenye miaka mitano, alikuwa akimtibu mgonjwa wake: gunzi la hindi lililovikwa kitambaa. "Pole, usiogope," alilibembeleza. Alipoinuka kulichotea maji, akakanyaga jembe. Damu!

Mama akambeba mgongoni. "Twende kwa bibi, atakupa ndizi."

Wakaenda hospitali.

Huko alikuwapo Elieshi, kijana anayesomea udaktari. Alijua jina la kila mfupa wa mguu. Kuzungumza na mwenye mguu hakujua. "Mtoto mzuri, fumba macho nikupe pipi."

Beatha akafumba macho, akafungua na mdomo. Sindano ikazama mguuni, mama akimkandamiza. "Ukilia, anakuchoma nyingine!" Pipi haikuwapo.

Mnacheka? Ngojeni.

Kidonda kilichoshonwa kikatunga usaha. Beatha akakificha ndani ya soksi, akajikaza asichechemee. Akiulizwa, "Sijambo, mama." Harufu ndiyo iliyomfichua, homa ikiwa imeshapanda.

Wakarudi hospitali. Safari hii Elieshi alikuwa na mwalimu wake, Daktari Mariamu.

"Panauma wapi, mwanangu?" daktari aliuliza.

"Hapaumi."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Angesema tunaenda kwa bibi." Kisha akamnyooshea Elieshi kidole. "Na huyu hana pipi."

Scholastica akainamisha uso.

"Nilitaka kumtuliza tu, daktari," Elieshi alijitetea.

"Ulimnyamazisha. Piga magoti, mwambie ukweli."

Akapiga magoti. "Beatha, nilikudanganya. Nisamehe. Leo kuna sindano tena, na itauma. Usifumbe macho. Ukisema subiri, nitasubiri."

"Subiri."

Akasubiri.

"Subiri."

Akasubiri tena. Ndipo mtoto akanyoosha mguu mwenyewe.

Mguu ulipona, lakini kidole cha mwisho, kilichokuwa kimeoza, kilikatwa. Na hadi leo, Scholastica anaposema mezani, "Tufumbe macho tuombe," Beatha huinamisha kichwa, macho wazi, akiichunga mikono ya mama yake.

FUNZO

Mtoto aliyedanganywa huficha maumivu yake, na maumivu yaliyofichwa huua. Wazazi, semeni "tunaenda hospitali." Nanyi mnaosomea udaktari, semeni "itauma," kisha msubirini. Kidonda kina uzi wa kukishona. Imani ya mtoto haina.