Vichwa Kumi na Viwili Jikoni kwa Mama Mdogo

"Mfungieni ndani! Mfungieni ndani, asitoke!"

Hiyo sauti niliijua kabla hata sijaona sura.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Video ya sekunde ishirini na mbili, imetumwa kwa grupu ya ukoo. Mama mdogo wangu Esnah anasukumwa ndani ya jikoni kwake, kule Birongo. Leso imemwanguka. Watu wamejaa uani, mmoja ameshika jerikeni ya petroli...

Na anayepiga kelele ati afungiwe ni Ratemo. Shemeji yake! Ndugu ya marehemu mume wake!

Hapo video ikakatika.

Chini yake mtu ameandika neno moja tu: "Omorogi." Mchawi.

Mimi naitwa Orpah. Kazi yangu ni kuchezesha vikaragosi, wengi wenu mnaita papeti. Siku hiyo tulikuwa ukumbini, Kisii mjini, tukijiandaa kwa tamasha la kimataifa lililokuwa linaanza Ijumaa. Wageni walishafika, kuna Waindonesia, kuna Wacheki. Shule kutoka Mosocho hadi Nyamira zilikuwa zimealikwa. Kitu kama hicho hakikuwa kimewahi kuja karibu nasi hivyo.

Na papeti za kikundi chetu zilikuwa zinatengenezwa na mama mdogo. Vichwa kumi na viwili vya karatasi na uji wa unga, amevining'iniza juu ya moto jikoni vikauke. Nywele za katani, macho ya vifungo. Ukiingia ghafla unaweza kuruka, lakini ni karatasi tu!

"Ochanda!" nikaita. Ochanda ni mwenzangu kwa kikundi, mtu wa Homa Bay, na ndiye alikuwa na nduthi.

"Nini mbaya?"

"Wanamchoma mama mdogo!"

"Wanamchoma?"

"Washa pikipiki, Ochanda! Washa!"

Tukatoka kama wazimu. Tulipopita Kiogoro akaniuliza bila kugeuka.

"Kwani amefanya nini?"

"Wanasema ni mchawi. Lazima wameona vichwa."

"Vichwa gani? Zile papeti?!"

Nikampiga bega aongeze mwendo. Nimezaliwa huku. Najua vile umati hubadilika mjane akishaitwa hilo jina. Ukianza kueleza, wameshamaliza.

Na nilikuwa nimeshajua mwenye kosa. Ratemo na mama mdogo wamegombania mpaka wa shamba la chai miaka tisa. Hawasalimiani, hata kanisani kila mtu anakaa upande wake. Sasa amepata njia, nikajiambia. Amepata njia!

Moshi tuliuona kabla ya kufika.

Watu walikuwa wanatawanyika. Wengine wanaongea kwa sauti ya chini, wengine wanatembea haraka wakiangalia miguu yao. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya akanipita karibu kabisa... hakunisalimia.

Jikoni haikuwepo. Mabati yamejikunja, kuta zimeanguka, na moto bado unakula pole pole.

Nikapiga magoti. "Mama mdogo..."

Ratemo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, ng'ambo ya mpaka. Mikono magotini. Anatazama tu!

Nilimfikia sijui hata vipi. Nikamshika kola.

"Umemuua! Umeua mjane wa ndugu yako!"

"Punguza sauti," akasema.

"Sipunguzi! Nimekusikia kwa video! Wewe ndiye ulisema afungiwe!"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Unakubali?!"

Akaniangalia. Kisha akatazama barabarani kama kuna mtu anasikiliza.

"Orpah, ile jikoni iko na milango mingapi?"

Nikahesabu kichwani.

Miwili. Wa nyuma unatokea migombani.

"Wote wanajua nagombana naye," akasema, sauti chini kabisa. "Ndiyo maana waliniamini. Nilipopiga kelele afungiwe, wote walisimama mbele. Bibi yangu akapitia nyuma akamvuta."

"Ako... wapi?"

Aligusa tu mlango nyuma yake kwa kiwiko.

"Wanafikiri ameungua. Wakijua ako hai watarudi, na hapa tuko wachache. Chifu anakuja na polisi. Mpaka wafike, wewe lia."

"Nini?"

"Lia, msichana wangu. Lia kwa nguvu, wasikie."

Nikalia. Nusu saa nzima nililia matanga ya mtu aliyekuwa amelala chini ya kitanda hatua nne kutoka nilipo. Watu wakipita barabarani wanasimama, wanasikiliza, wanaenda. Ochanda alisimama kando yangu mikono kichwani, hajui kama kweli ni matanga au la.

Polisi walipofika na chifu, tukamtoa. Alikuwa na majivu kwenye nywele.

"Ni nani alianza hii maneno?" nikamuuliza Ratemo tukimpakia mama mdogo kwenye gari. "Niambie jina. Leo leo namweka mtandaoni, dunia yote imjue!"

Akatoa simu yake polepole.

"Una hakika unataka?"

"Nataka!"

Akanionyesha picha iliyozunguka Birongo yote tangu Jumatatu. Mama mdogo anatabasamu, vichwa vinaning'inia nyuma yake. Maandishi: "Mama mdogo wangu halali peke yake, ako na vichwa kumi na viwili jikoni."

Nikayasoma tena.

Hiyo picha niliipiga mimi. Hayo maneno niliandika mimi, wiki mbili nyuma, kwa ukurasa wangu, na emoji za kucheka! Chini yake niliandika, "Mnataka kuviona vikiongea? Tukutane kwa tamasha." Mtu alikata huo mstari wa mwisho. Huo tu.

Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye gari, anatuangalia. Sijui alisikia kiasi gani. Mpaka leo hajaniuliza.

Tamasha lilifanyika. Waindonesia walituazima papeti zao, watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo, wazazi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikiangalia hizo nyuso, nikijiuliza ni wangapi kati yao waliituma ile picha.

Sasa mama mdogo anaishi kwangu Kiogoro. Birongo hawezi kurudi. Ratemo anamchumia majani ya chai.

Somo langu ni moja, na nimelilipia vibaya: ukimpiga mtu picha uchekeshe watu nayo, mwonyeshe kwanza maneno uliyoandika. Kabla ya kutuma.

Post yangu nilishaifuta. Haikusaidia. Jana mteja mmoja wa maonyesho yetu, mtu wa Mosocho, hajui lolote, amenitumia picha ileile.

"Orpah, unamjua huyu mama? Wanasema amehamia pande za Kiogoro."

Nawaomba. Ikikufikia, isitoke kwa simu yako.