Sindano ya Mjomba Ezekia na Matarumbeta ya Pasaka

Kila baada ya wiki nne, siku ya Alhamisi, Julieth alitoka shuleni bila kupita uwanjani kuruka kamba na wenzake. Alifika nyumbani kwao mtaa wa Cheyo, akavua sare, akala ugali kwa mlenda, kisha akachukua kadi ya kliniki na kwenda mtaa wa Ng'ambo. Huko Mjomba Ezekia alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Mjomba alinawa mikono, wakaenda pamoja hadi kituo cha afya. Yeye aliingia chumba cha sindano, na Julieth akamsubiri nje kwenye benchi.

Kazi hiyo alipewa na bibi yake, Bibi Theodora, mama yake Ezekia.

"Ezekia ni mtu mzima, hahitaji kuchungwa," Bibi alimwambia. "Ila njia ya hospitali ni ndefu ukiwa peke yako. Msindikize tu, mjukuu wangu."

Miaka mitano iliyopita Ezekia aliugua ugonjwa wa akili. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Aliamini majirani wanatia sumu kwenye maji, na siku moja alitoka bila viatu, akatembea hadi karibu na mji wa Nzega, mwendo wa siku kadhaa. Hospitali walimtibu akapata nafuu. Mwanzoni alipewa vidonge vya kila siku, na kila asubuhi mtu mmoja nyumbani alimuuliza, "Umemeza?" Baadaye daktari akambadilishia sindano ya mara moja kwa mwezi.

"Hii afadhali," Ezekia alisema. "Nachomwa siku moja, halafu mwezi mzima mnaniacha nipumue."

Mwaka huu, wiki chache kabla ya Kwaresima, jambo jema lilitokea. Ezekia alikuwa mpigaji tarumbeta katika kanisa lao la Moravian. Kwa desturi yao, asubuhi ya Pasaka waumini hukusanyika makaburini kabla jua halijachomoza, na matarumbeta hutangaza kwamba Bwana amefufuka. Mwalimu Masolwa, kiongozi wa kikundi, alimpa Ezekia kuongoza sauti ya kwanza. Tangu augue hakuwahi kupewa nafasi hiyo.

Lakini kila alipochomwa sindano, vidole vyake vilikakamaa, mikono ikatetemeka na midomo ikawa mizito. Siku moja mazoezini sauti ilimkatikia katikati ya wimbo. Kijana mmoja aitwaye Raymundi akasema, "Kaka Ezekia, tarumbeta lako leo limeshikwa na homa?" Watu walicheka. Ezekia naye alicheka, ila aliporudi nyumbani hakula.

Alhamisi ya kliniki ilipofika, walitoka kibandani kama kawaida. Njiani Ezekia alisimama.

"Juli, leo hatuendi."

"Hatuendi wapi, mjomba?"

"Kliniki. Nataka vidole vyangu mpaka Pasaka ipite. Baada ya hapo wakitaka wanichome hata mbili."

"Na bibi je?"

"Mwambie tumekwenda. Ni uongo wa wiki chache tu."

Julieth aliinama, akachora mchangani kwa kidole cha mguu. Alijua ni kosa. Lakini alimkumbuka pia Ngollo, msichana wa darasani kwao, ambaye hupenda kushika kikombe huku akitetemesha mikono na kusema, "Mimi ni mjomba wa Julieth." Ngollo naye husali kanisa hilohilo. Asubuhi ya Pasaka angemsikia mjomba akipiga bila kukosea, naye angekoma.

"Sawa, mjomba," alisema.

Walinunua karanga za kukaanga, wakakaa wakila hadi muda wa kliniki ulipopita.

"Wamemchoma?" Bibi aliuliza jioni.

"Ndiyo, bibi."

"Nesi Marcelina hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia."

Salamu hizo Julieth alizitunga mwenyewe, wala hakuna aliyemwomba. Bibi alifurahi. Alimchagulia kiazi kitamu kikubwa kuliko vyote chunguni, na Julieth akakila kwa shida.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Mikono ya Ezekia ilitulia, tarumbeta likatoa sauti safi, na Mwalimu Masolwa akamsifu mbele ya wote. Alhamisi ya pili ya kliniki ilipofika hawakwenda tena, na Julieth alidanganya tena. Safari hii uongo ulimtoka upesi zaidi.

Kisha mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo. Ezekia alirudisha baiskeli ya mteja bila kukaza nati za gurudumu. Aliacha kula na wenzake mezani. Alicheka peke yake. Siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi, Julieth alimkuta kibandani ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Unasikia?" Ezekia alinong'ona. "Wale wa kikundi wanapiga. Hapo katikati wananitaja jina, wananisema."

Julieth alisikiliza. Alisikia mashine ya kusaga na watoto wakicheza. Hapakuwa na tarumbeta.

Alirudi nyumbani mbio. Picha moja tu ilimjaa kichwani: mjomba akitembea barabarani bila viatu, na safari hii asionekane tena. Alimkuta Bibi akimenya karanga, akakaa kando yake. Alichukua ganda moja, akalipasua, akaliweka chini bila kutoa karanga.

"Bibi, hatukwenda."

"Hamkwenda wapi?"

"Kliniki. Mwezi uliopita hatukwenda, na mwezi huu hatukwenda. Nilikudanganya." Akaanza kulia. "Sasa mjomba anasikia vitu."

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo. Aliuweka ungo chini. Kisha akachukua ncha ya khanga yake, akamfuta Julieth machozi.

"Umefanya vibaya kunificha," alisema. "Na umefanya vema kuniambia kabla hatujaanza kumtafuta. Nawa uso, twende."

Ezekia alipowaona wamekuja pamoja, alielewa.

"Mama, mkiniburuta nitakwenda," alisema kwa hasira. "Lakini mwezi ujao hamtanipata."

Bibi alivuta kigoda, akaketi. "Sijaja kukuburuta, mwanangu. Nimekuja kukuuliza. Hiyo sindano inakufanyaje?"

Ezekia alimtazama kwa mshangao. Akanyoosha mikono yake mbele.

"Inaninyang'anya vidole," alisema taratibu. "Nashika spana kama mtoto. Napuliza tarumbeta, midomo hainisikii."

"Mbona hukuwaambia hospitali?"

"Wangesema nakataa dawa. Mtu mwenye ugonjwa kama wangu akilalamika, mama, watu husema kichaa kimemrudia."

Bibi hakubisha. "Basi leo twende wote watatu tukawaambie. Wewe useme, sisi tukae karibu."

Ezekia alifikiri sana. Mwishowe alifunga kibanda.

Ile haikuwa siku ya kliniki, lakini Nesi Marcelina aliwapokea. Alimsalimu Ezekia kwanza, akamuuliza yeye, si Bibi. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwita daktari, na daktari akamwomba Ezekia anyooshe mikono.

"Haya yanatokana na dawa, na yana tiba," daktari alisema. "Tutakupunguzia kiasi, tukupe na vidonge vya kutuliza kutetemeka. Ikishindikana, tutatafuta sindano ya aina nyingine. Ila usiikimbie kimyakimya. Ugonjwa huu hurudi polepole, na mwenyewe huwa wa mwisho kuuona."

"Na Pasaka?" Ezekia aliuliza.

"Sitakudanganya. Pasaka iko karibu mno. Mwaka huu pumzika."

Ezekia alifumba macho. Kisha akakunja shati lake, akaingia chumba cha sindano kwa miguu yake mwenyewe.

Siku ya mazoezi alikwenda na Julieth kumrudishia Mwalimu Masolwa karatasi za nyimbo. Alisimama mbele ya kikundi akasema, "Niliacha dawa ili nipige vizuri, nikaumwa. Mwaka huu siwezi." Hakuna aliyecheka. Raymundi, yule kijana wa mzaha, aliinuka akamletea kiti chake, naye akasimama mazoezi yote. Pasaka ilipofika, Ezekia alisimama makaburini kati ya Bibi na Julieth, akaimba pamoja na watu wengine. Ngollo alikuwapo. Julieth hakumtazama.

Alhamisi ya kliniki ilipofika tena, walikwenda. Mlango wa chumba cha sindano haukufungwa vizuri, na Julieth akamsikia mjomba akisema kabla hajaulizwa, "Asubuhi mkono wa kulia unatetemeka bado, ila midomo imekuwa myepesi. Jana nimepiga wimbo mzima."

Jioni hiyo Bibi aliwaita wote wawili.

"Julieth, ulitaka mjomba wako asichekwe, na hilo ni pendo," alisema. "Lakini ukimpenda mgonjwa, usimfichie jambo litakalomdhuru, hata akikuomba. Sema mapema kwa mtu anayeweza kusaidia. Nawe Ezekia, dawa ikikusumbua, mwambie aliyekupa. Haki hiyo ni yako." Akaongeza, "Na mimi nina kosa langu. Kila mwezi niliuliza kama umechomwa. Sikuwahi kuuliza unajisikiaje."

"Basi niulize sasa, mama," Ezekia alisema.

Bibi akamuuliza. Ezekia akaanza kueleza, toka mwaka ule wa kwanza wa ugonjwa, na wala hakuna aliyemkatiza.