Gesare na Herufi Kubwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Gesare alichuma chai pamoja na nyanya yake, Drusilla, katika shamba lao karibu na Kebirigo. Mwaka huo, 1971, alikuwa darasa la sita, na hakuna mtoto kijijini aliyemshinda kwa adabu. Mkubwa akisema, yeye huinamisha kichwa na kuitikia. Hata akiambiwa jambo asilolielewa, huitikia vivyo hivyo.

Adabu hiyo ndiyo iliyomponza kwa Mwalimu Nyamongo. Katika kila insha ya Kiingereza, Gesare aliandika "my Grandmother" kwa herufi kubwa, na "our Cow" pia, maana ng'ombe huyo ndiye aliyewapa maziwa. Lakini "I", yaani mimi, aliiandika ndogo. Mtoto gani mwenye malezi mema ajikweze mbele ya nyanya yake? Mwalimu alisahihisha kwa wino mwekundu mpaka akachoka.

"Gesare, huu sasa ni uzembe," alisema siku ya Jumatano. "Kesho ukikosea tena, utarudi darasa la tano mpaka ujifunze."

Darasa la tano! Huko ndiko alikosoma mdogo wake, Joash, na Joash alikuwa na mdomo.

"Karibu, dada," alimcheka jioni nzima. "Nitakuonyesha pa kukaa."

Gesare alilia jikoni mpaka nyanya akauweka mwiko chini.

"Haya, mjukuu wangu, una nini?"

Gesare akamweleza yote. Nyanya alisikiliza, kisha akasema, "Mambo ya Kiingereza mimi siyajui. Lakini mwalimu wako anajua kwa nini unaandika hivyo?"

"Sikumwambia, nyanya. Ingekuwa kama nabishana na mkubwa."

"Basi kesho tunaenda wote wawili."

Asubuhi nyanya alijifunga kitambaa chake cha Sabato, akamshika mkono mpaka mlangoni pa darasa. Watoto walichungulia. Gesare alitamani ardhi immeze.

"Mwalimu, huyu ana swali," nyanya alisema, akamsukuma mbele taratibu.

Gesare akauliza, huku akitazama vidole vyake vya miguu, itakuwaje ajiandike kwa herufi kubwa na nyanya yake kwa ndogo. Mwalimu Nyamongo akaketi kwenye dawati ili asimwinamie.

"Kumbe hukuwa mzembe," alisema kwa upole. "Herufi kubwa si heshima, mwanangu, wala ndogo si dharau. Ni kanuni tu ya kuandika Kiingereza. Huanza sentensi, huanza majina ya watu na mahali, siku na miezi. Na 'I' huwa kubwa popote ilipo, awe ni chifu anayeandika au ni wewe."

"Na nyanya je?"

"Nyanya yako ana jina. Hiyo D ya Drusilla iandike kubwa uwezavyo."

Nyanya alicheka pale mlangoni. Gesare naye akacheka, huku machozi yakimtoka. Hangerudi darasa la tano.

"Lakini sikiliza," mwalimu akaendelea. "Kuuliza si kubishana. Ukiitikia na hujaelewa, unanidanganya kwamba nimefundisha. Huko ndiko kunikosea adabu."

Safari hii Gesare hakuinamisha kichwa. Alimtazama mwalimu usoni, akasema, "Nimeelewa."