Boti Iliyoota Ndevu

Kathini aliamka saa kumi na moja alfajiri, kama kila siku. Alipalilia mistari minne ya mihogo kabla jua halijachomoza. Akakamua mbuzi, akanywa chai ya rangi akiwa amesimama. Kisha akabeba dumu la petroli la lita ishirini, akashuka nalo kutoka skimu, yale mashamba ya makazi waliyogawiwa watu, hadi ufuo wa Kinondo. Ulikuwa mwendo wa nusu saa. Siku hizi aliuona mrefu kuliko zamani, ijapokuwa njia ilikuwa ile ile.

Mumewe, Ndolo, alifariki mwaka uliopita. Alimwachia shamba, binti mmoja aliyekuwa chuoni, na boti ya mbao yenye injini. Boti iliitwa Kavita, jina la binti huyo. Ilibeba wageni wanane kutoka Kinondo hadi kwenye miamba ya karibu na kisiwa cha Chale, wakaogelee na kutazama samaki. Shamba liliwalisha. Boti ilimsomesha Kavita.

Kathini alizaliwa Makueni, mbali na bahari. Hakujua kuogelea. Boti aliitunza kwa namna aliyoijua, yaani alihakikisha inapendeza. Aliipaka rangi ya manjano na buluu kuanzia ukingoni hadi pale maji yalipoanzia. Chini ya hapo hakupaka kitu. Chini hapaonekani, alisema, na mgeni halipii asichokiona.

Nahodha alikuwa ufuoni tayari. Jina lake Shehe, mwenyeji wa Gazi, na alikuwa ameendesha vyombo miaka thelathini.

"Shikamoo, mzee Shehe."

"Marahaba, Mama Kavita. Umeamkaje?"

"Salama. Petroli hii hapa. Leo nimeipima mwenyewe."

Shehe alilitazama dumu, kisha akamtazama Kathini.

Kathini alikuwa na sababu ya kupima. Zamani safari ya kwenda na kurudi ilikula lita kumi na mbili. Tangu mwezi wa nne ilikula kumi na nne, kisha kumi na sita. Jirani yake Kaluki, muuza mboga wa soko la Ukunda, alikuwa na jibu lake.

"Wewe ni mjinga ama unajifanya?" Kaluki alimwuliza. "Petroli haina miguu. Huyo kapteni wako anaimwaga kwa dumu lingine, anauza. Huko ndani ya bahari nani atamwona? Samaki?"

Saa saba mchana boti ilirudi. Wageni walishuka. Kathini akamimina petroli iliyobaki. Zilikuwa lita tatu. Manahodha wengine watano walikuwa wameketi kwenye banda lao la ufuoni, wanakula. Kathini hakungoja waondoke.

"Mzee Shehe, lita kumi na saba zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda baharini, Mama."

"Zamani zilikuwa kumi na mbili. Chale imesogea?"

Mmoja wa wale watano alicheka, kisha akanyamaza upesi.

"Chale iko pale pale," alisema Shehe. "Chombo ndicho kizito. Nilikwambia mwaka jana, ukanikataza. Nikakwambia tena kabla ya Ramadhani."

"Ulitaka kuchoma boti yangu!"

"Nilitaka kuibabua tumbo."

"Kwetu, mtu akichoma mali yako huyo ni adui. Ulitaka kuichoma nikakukataza. Sasa unaniibia."

Bandani hakuna aliyetafuna tena. Shehe alisimama polepole. Akafungua ile kamba nyekundu ya kuzimia injini iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka mchangani mbele ya Kathini.

"Amana yako hiyo, Mama. Nilifanya kazi na marehemu miaka tisa, hakunipimia petroli hata siku moja. Kwaheri."

Akaenda zake.

Boti ilikaa wiki nzima bila kazi. Kathini aliwaomba manahodha watatu wengine. Wa kwanza alisema mama yake anaumwa. Wa pili alisema amechoka. Wa tatu, Kahindi, alimwambia ukweli.

"Mama, mtu kama Shehe akiitwa mwizi, mimi nitaitwa nani? Mfuate umrudishe. Bila yeye hutapata mtu ufuo huu."

Kathini akaondoka. Karo ya Kavita ilitakiwa mwezi ujao. Alikwenda kwa Tofiki, fundi wa kuunda na kukarabati vyombo. Tofiki alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano hivi, mwenye penseli sikioni.

"Fundi, nitafutie kapteni."

"Mimi ni fundi, Mama. Si mshenga."

"Sina nguvu za mzaha leo."

Tofiki alimwona vile alivyo, akampa ndoo aikalie.

"Haya. Tuulizane kama watu wazima. Hiyo boti mara ya mwisho ilipandishwa juu lini?"

"Juu wapi?"

"Mchangani. Ikalazwa, ikatazamwa tumbo."

Kathini alifikiri. "Ndolo alipokuwa hai. Mimi nilisema boti inayolala mchangani haileti kitu."

"Na unadhani muda wote huo nani alikuwa akiisafisha?"

"Hakuna. Iko majini. Maji yanaisafisha."

Tofiki aliweka nyundo chini.

"Maji hayasafishi chombo, Mama. Maji ndiyo yanayokichafua. Aliyekuwa akisafisha ni Shehe. Ulipomkataza kuipandisha, alikuwa akizamia chini yake kila Ijumaa asubuhi na kipande cha bati, anakwangua alichoweza kufikia. Mwezi wa nne sikio likaanza kumuuma. Daktari wa Msambweni akamkataza kupiga mbizi."

Mwezi wa nne. Kathini alikumbuka hesabu yake ya lita. Akainamisha kichwa.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikwambia mara mbili. Ya tatu ingekuwa kubembeleza."

Tofiki alihesabu kwa vidole siku za mwezi. "Keshokutwa ni bamvua. Maji yatajaa sana, kisha yatatoka sana. Tutaisogeza boti yakiwa yamejaa. Yakitoka, itabaki mchangani yenyewe. Hapo hatuhitaji mashine. Tunahitaji kujua tarehe tu."

Siku ya bamvua maji yalipotoka, boti ililala ubavu. Kathini alizunguka upande wa pili, akasimama.

Juu ilikuwa manjano na buluu. Chini haikuwa na rangi. Majani ya kijani yenye utelezi yalining'inia, marefu kama kiganja cha mkono. Katikati yake palijaa magamba meupe, madogo, makali, yamebanana kama punje kwenye gunzi. Kathini aligusa gamba moja. Kidole kikatoka damu.

"Ina ndevu kunishinda mimi," alisema Tofiki, akampa kipande cha bati. "Kwangua, Mama. Ukikwangua mwenyewe utaelewa kuliko nikikueleza."

Walikwangua hadi mabega yakawauma. Magamba na majani yalijaza ndoo sita.

"Hawa ni abiria wako," alisema Tofiki. "Umewapeleka Chale na kuwarudisha kila siku, bure."

"Kwa hiyo ni uzito?"

"Uzito ni jambo dogo. Jambo kubwa ni makwaru. Umewahi kulima na jembe lililoshika tope?"

"Kila masika."

"Linakata vizuri?"

"Halikati. Unatumia nguvu mara mbili."

"Basi ndivyo ilivyo injini yako. Tumbo likiwa laini, maji hupita. Likiwa na makwaru, maji hushika, na injini hula petroli zaidi kwa safari ile ile. Huanza na ute tu, siku chache baada ya kusafisha. Ute ukiachwa, huota majani. Majani yakiachwa, magamba hushika. Ute unaufuta kwa brashi. Magamba unayaona mwenyewe."

Kisha Tofiki alianza kugonga mbao kwa nyundo, moja baada ya moja, huku ametega sikio. Ko. Ko. Ko. Karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, sauti ikabadilika. Ilikuwa nzito, kama ya kugonga boga.

Alichukua msumari, akausukuma kwa kidole gumba. Msumari ukazama wote.

"Nini hiyo?" aliuliza Kathini.

Tofiki alikata kipande cha ubao, akakipasua. Ndani mlikuwa na vijia virefu, vinene kama penseli, vilivyojaa mdudu laini mweupe.

"Huyu anakula mbao. Huingia akiwa mdogo, kwa tundu kama la ncha ya sindano. Akiwa ndani hunenepa. Kwa nje unaona ubao mzima. Shehe asingeweza kumtoa kwa kukwangua. Huyu anataka chombo kikae juu, kikauke, kipigwe moto."

Kathini alitazama unene uliobaki. Haukuzidi ukucha. Aliwafikiria wageni wanane, na watoto wao wanaoruka ruka ndani ya boti. Akaketi mchangani.

"Ingetoboka lini?"

"Sijui. Fundi akikwambia anaijua siku, mkimbie."

Ubao ule waliutoa, wakatia mpya. Kisha Tofiki akafungua injini na tangi la petroli, akavipeleka mbali kabisa na boti. Akaleta makuti makavu. Kathini aliinuka, mkono kifuani.

"Usiogope," alisema Tofiki. "Ukinyonyoa kuku, unambabua, humchomi. Moto unapita, haukai. Unakausha mbao na kuua mdudu aliyejificha karibu. Lakini hii si kazi ya kujaribu peke yako. Na siku ukipaka ile rangi ya sumu ya dukani, inayozuia magamba, usipitishe moto tena. Moshi wake unadhuru."

Moto ulipita tumboni mwa boti kwa haraka, ukazimwa. Mbao hazikuungua. Zilitoa mvuke, zikabadilika rangi. Siku ya pili walijaza nyufa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Siku ya tatu walipaka deheni, yaani chokaa iliyokandwa na mafuta, kuanzia mkukuni hadi pale rangi ya manjano ilipoanzia.

Kathini alikuwa amechoka hata kijiko kilimwia kizito. Lakini jambo moja lilikuwa limebaki, nalo hakuna fundi wa kumfanyia. Alimtuma Kahindi amwite Shehe. Alimwomba aje bandani saa saba, wakati wenzake wote wapo.

Shehe alikuja, akasimama mlangoni.

"Mzee Shehe," alisema Kathini, "nilikuita mwizi mbele ya hawa. Nakuomba radhi mbele ya hawa hawa. Hukuniibia. Ulikuwa ukinifanyia kazi ambayo hata sikujua ipo, mpaka ukaumia. Niwie radhi."

Shehe aliondoka mlangoni, akaingia. Kahindi alitazama miguu yake.

"Nimekuwia radhi," alisema Shehe. "Mungu atusamehe sote. Lakini kurudi ni jambo lingine. Nina sharti."

"Sema."

"Kila bamvua ya mwezi mwandamo, chombo kinakaa mchangani siku mbili. Tunakwangua, tunagonga kila ubao. Na kila baada ya miezi minne, moto, pamba na deheni."

"Na wageni wa Pasaka?"

"Watangoja."

"Wa Disemba je?"

"Mdudu hajui Disemba, Mama Kavita."

Watu walicheka. Kathini hakucheka, lakini alikubali kwa kichwa. Kisha akaona kwamba kichwa hakitoshi, akasema, "Nimekubali."

Safari ya kwanza ilikula lita kumi na moja na nusu. Kathini hakuamini. Alipima safari ya pili na ya tatu. Ya pili kumi na mbili, ya tatu kumi na moja na nusu. Baada ya hapo aliacha kupima.

Disemba ilifika, hoteli zikajaa. Siku ya bamvua Kathini alikuwa amelala chali chini ya boti, magoti yanamuuma, uchafu wa kijani umemwagikia shingoni. Simu ikalia. Alikuwa Amin, aliyewatafutia wageni hotelini.

"Mama, nina watu wanane wa Chale. Kesho asubuhi. Wanalipa vizuri!"

"Kesho haiwezekani. Boti iko mchangani."

"Mama! Hii ni Disemba! Boti haina shida, jana si ilikuwa ikienda?"

"Ilikuwa ikienda. Ndiyo maana iko mchangani. Waje Jumamosi, au wape mwenzangu."

Akakata simu. Upande wa pili wa mkuku, mlio wa bati la Shehe ulikuwa umesimama. Sasa ulianza tena. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi, na palibaki hatua tatu za mbao ambazo hazijaguswa. Kathini alijifuta uso kwa kiwiko, akageukia ubavu, akaendelea kukwangua.